Utarudi? Historia ya swali moja la viza

Wandugu wa chama, wengi mliniuliza kama nilisafiri. Hapana, ningali hapa Lubumbashi. Walinikatalia.

Mchumba wangu anaishi ku Ulaya, mu nchi moja ya Schengen. Sitaitaja, juu dosiye yangu ingali inatembea. Nkambo wake yuko na miaka 91 na alitaka kuniona kwa macho mbele ya ndoa. Basi nilipanda ndege mpaka Kinshasa, nikatoa alama za vidole, nikalipa euro 90, nikangoja. Karatasi iliyorudi ilikuwa na visanduku vingi, na alama ya X mu kimoja tu: kuna mashaka kama utaondoka mu nchi zetu mbele viza yako iishe.

Mama aliisoma mara mbili, akaniuliza: "Banakamata franka, banakatala, na franka habarudishe? Ni biashara ya namna gani?" Mpaka leo sijapata jibu la kumpa.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikakumbuka kwamba nilisoma historia, na kama ningekuwa na kazi ya kufanya, njo hii: kutafuta ile X ilitoka wapi.

Mwaka wa 1897, mfalme Leopold wa Pili alipeleka Wakongomani 267 ku Tervuren, karibu na Bruseli, wakae mu vijiji vya maonyesho wazungu waje kuwaangalia. Hakuna aliyewauliza kama wako na akaunti ku banki, wala bibi na watoto wa kuwavuta nyumbani. Saba kati yao walikufa kule. Kaburi zao ziko pembeni ya kanisa la Tervuren mpaka leo. Wale kweli hawakurudi, na hakuna karatasi iliyoandika mashaka juu yao.

Lakini Mkongomani alipotaka kusafiri kwa mapenzi yake mwenyewe, mambo yaligeuka. Hata ndani ya koloni, mtu aliyetaka kuhama teritwari yake kwa muda mrefu alipaswa kuwa na ruhusa, ile waliyoiita pasipoti ya kuhama. Kwenda Ulaya ilikuwa shida zaidi, na sababu yake inafaa tuisimamie kidogo. Leta ya Wabeleji haikuogopa sana kwamba Mkongomani atabaki kule. Iliogopa kwamba atarudi! Atarudi amekwisha kuona mzungu maskini, mzungu anayefagia barabara, mzungu anayegoma kazi, na atakuja kuyasema mu site na mu kampi za wafanyakazi. Leo hofu imegeuka kichwa chini: wanaogopa hatutarudi. Hofu ya kwanza na hofu ya pili hazifanani, lakini sisi tulibaki na kazi ile ile, ya kuonyesha kwa karatasi kitu kilicho ndani ya roho.

Ilifanyika wazi zaidi na kadi ya kustahili uraia ya 1948, kisha na imatrikulasio ya 1952. Evolwe aliyetaka kuhesabiwa karibu sawa na mzungu mbele ya sheria alipeleka dosiye, na wajumbe walikuwa wanaweza kufika mpaka nyumbani kwake. Waliangalia jikoni, waliangalia uma na visu, waliuliza kama bwana na bibi wanakula meza moja. Unaona? Mapendo ya mtu na bibi yake yalikuwa sehemu ya dosiye. Patrice Lumumba, wakati ule karani wa posta ku Stanleyville, aliomba wakamkatalia. Akaomba tena, akapata mu 1954. Mu 1956 akaenda Ubelgiji pamoja na evolwe wengine. Waliopata ile imatrikulasio mu koloni nzima walikuwa mia chache tu. Kila mara ninapofikiri Lumumba alipaswa kuomba mara mbili, X yangu inapunguka uzito kidogo.

Msifikiri ni Wabeleji peke yao. Kuna kesi moja ambayo hatukufundishwa na mimi naona tungepaswa. Mu miaka ya 1980, Uingereza ilikuwa na kanuni kwamba bwana kutoka nje anayemfuata bibi yake apaswe kuonyesha kuwa lengo kubwa la ndoa si kupata kukaa Uingereza. Jaribu kufikiri utaonyesha hiyo namna gani. Ukisema unampenda sana na unataka kuishi naye, umekwisha kukubali kwamba unataka kuishi Uingereza. Na bibi kutoka nje anayemfuata bwana alikuwa na njia rahisi kuliko ile. Wanawake watatu, Abdulaziz, Cabales na Balkandali, walipeleka mambo ku tribinali ya haki za binadamu ya Strasbourg, na mu Mei 1985 wakashinda: ni ubaguzi kati ya mwanaume na mwanamke. Serikali ilifanya nini? Badala ya kuwafungulia mabwana mlango, iliwafungia na mabibi. Usawa ukapatikana! Kanuni ile ya lengo kubwa iliondolewa mu 1997 tu.

Mwaka ule ule wa 1985, nchi tano zilitia sahihi mapatano ku kijiji cha Schengen, Luksemburgi. Mu 1995 mipaka ya ndani ikaanza kufunguliwa kwa kweli, na mlango wa nje ukawa mmoja. Njo maana X ya nchi moja inasomwa na nchi zingine zote mu mashine yao.

Sasa, kitu ambacho sikukijua mbele ya kukatazwa, na ningetaka mdogo yeyote akijue. Sheria yao ya viza ya 2009 inaandika sababu za kukataa, na mu Desemba 2013 tribinali ya Umoja wa Ulaya, mu kesi ya Mu-Irani mmoja, Koushkaki, ilisema mambo mawili. Ofisi haiwezi kubuni sababu yake nje ya zile zilizoandikwa. Tena, haihitaji kuwa na hakika kabisa kwamba utarudi. Inatosha kusiwe na mashaka yenye msingi. Tribinali iliwaachia ofisi nafasi kubwa ya kupima, ni kweli. Lakini kati ya hakika na mashaka yenye msingi kuna shimo, na ndani ya lile shimo njo dosiye yako inakaa. Sheria ile inasema pia kwamba kukataliwa mara moja hakufanyi dosiye mpya ikataliwe moja kwa moja. Na una haki ya kulalamika, kufuatana na sheria za nchi iliyokukatalia, ila muda ni mfupi, soma tarehe siku ile ile.

Nilisoma tena dosiye yangu ya kwanza kwa macho ya ofisi. Barua ya mchumba ilikuwa kurasa tatu za mapendo. Juu ya kazi yangu: mstari mmoja. Kiwanja kilicho kwa jina langu sikukitaja hata kidogo, nikifikiri ni siri ya familia. Nilijibu swali ambalo hawakuuliza. Rafiki moja alinipeleka kwa mtu anayetengeneza karatasi za banki "zenye kupendeza". Nilitoka pale haraka: mashaka juu ya kurudi unaweza kuyajibu, karatasi ya uongo itakufuata miaka.

Dosiye ya pili niliibadilisha. Kontra ya kazi, barua ya mkubwa wangu inayosema siku ya kurudi kazini, hati ya kiwanja, tarehe ya ndoa ya sheria hapa Lubumbashi, mu komini yetu, pamoja na safari ya mchumba ya kuja. Mapendo nimeyaacha mu aya moja. Mchumba alilia kidogo alipoisoma ku telefone, akasema inafanana na barua ya kuomba mkopo. Nilimwambia ni vile.

Rondevu ni Alhamisi, saa mbili ya asubuhi. Mama ametoa euro 90 mwenyewe, akazihesabu mara tatu.