Kiti cha Enzi na Mafundi Wake

Katika nyumba za mawe za waungwana wa Lamu, Pate na Siyu, ambamo kuta za chokaa zilijaa zidaka za kuwekea sahani za Kichina, palikuwapo kiti kimoja ambacho hakikuwekwa kwa raha ya mwenye nyumba bali kwa adhama yake: kiti cha enzi, cha mpingo mweusi, chenye mgongo mrefu uliosimama wima, mikono miwili na mahali pa kuwekea miguu, ambacho mgeni wa heshima au mzee wa kusikilizwa alikaribishwa kukikalia. Aliyekikalia hakuweza kujinyoosha. Kiti chenyewe kilimweka wima, na miguu yake ikainuliwa kutoka sakafuni, hata akaonekana, apende asipende, kama mtu mwenye hukumu mikononi mwake.

Wanazuoni wamekitafutia nasaba katika Misri ya Mamluki, katika Ureno na Uhispania, na katika bandari za Bara Hindi, wala si ajabu, kwa maana bahari iliyoleta sahani zile iliweza kuleta na umbo la kiti. Mimi naona kwamba mti wenyewe una ushahidi ambao haukusikilizwa vya kutosha. Mpingo hukua polepole mno, ni mzito hata huzama majini, huufanya msumeno kuwa butu, na shina lake aghalabu limepinda au lina uwazi ndani, kwa hiyo ni nadra kupata ubao mpana ulionyooka. Fundi aliyetaka kuutumia alilazimika kukiunga kiti kwa vipande vyembamba vingi, ulimi wa hiki ukiingia katika tundu la kile, na nafasi zilizobaki baina yao akazifuma kwa uzi wa pamba uliosokotwa vema. Kisha zilikuja njumu: pembe ya ndovu au mfupa, uliokatwa vipande vidogo na kutiwa katika mti uliochimbwa kwa kipimo kile kile, ukang'aa mweupe juu ya weusi.

Siyu, mji wa kisiwa cha Pate, ulisifika kwa mafundi wa mbao, wa ngozi na wa kunakili misahafu, na mafundi hao waliishi chini ya watawala wasiopenda kuamrishwa. Mmoja wao, Bwana Mataka, alipambana na majeshi ya Sayyid Said, sultani wa Unguja, na mji haukutiishwa na dola ya Unguja hata mwaka 1863, zama za mwanawe Sayyid Majid. Kwa mafundi hao wa mbao, kitanda nacho kilikuwa na elimu yake: matendegu yaliyokerezwa, mifumbati ya ubavuni, vitakizo vya kichwani na miguuni, na baada ya hayo kazi ya kuwamba kwa kamba, ambayo ikifanywa vibaya humwangusha mlalaji katikati kama samaki katika jarife.

Huko Unguja, karne ya 19 ilipoleta utajiri wa karafuu na mafundi wa Kihindi, matajiri walipendelea vitanda vya besera na makabati ya msaji, na ladha ikageuka. Lamu iligeuzwa na jambo zito zaidi: utumwa ulipofutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907, mashamba ya makabaila yalikosa wa kuyalima, na nyumba iliyokosa mapato haina haja ya kuagiza kiti cha fahari. Wala tusisahau kwamba ni jasho la watumwa hao lililowalipa mafundi.

Viti hivyo vingali vikitengenezwa Lamu. Tangu biashara ya pembe ya ndovu kati ya mataifa ipigwe marufuku kwa azimio la 1989, njumu hutiwa kwa mfupa, na wako wanaosema kuwa kiti cha mfupa si kiti. Nao wangevitazama viti vya zamani kwa makini, wangekuta mfupa umo tangu hapo.