Bawabu wa Mtandao

 

Somo letu la leo ni habari za mlango. Si mlango wa nyumba, bali mlango wa mtandao wa kompyuta, yaani mtambo unaompokea mtu anayetaka kuingia kutoka mbali, ukamwuliza yeye ni nani, kisha ukampitisha au ukamrudisha. Mtambo huo ukitoka dukani haujui lolote. Sharti utiwe programu, na programu hiyo iambiwe masharti: nani aingie, afike wapi, akae muda gani. Nataka ujue jinsi watu walivyojifunza kazi hiyo, maana hawakuianza vizuri.

Mwaka 1969 Idara ya Ulinzi ya Marekani ilianzisha mtandao ulioitwa ARPANET. Mitambo ya kupitishia habari, iliyoitwa IMP, ilitengenezwa na kampuni ya BBN ya Cambridge, Massachusetts, na wa kwanza ulifika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwishoni mwa Agosti mwaka ule. Programu yake ilitiwa kwa utepe wa karatasi uliotobolewa matundu, na kumbukumbu yote ya mtambo ilikuwa ndogo mara nyingi kuliko picha moja unayoipiga leo kwa simu yako. Lakini mafundi wale walikuwa na akili. Walifanya mpango kwamba IMP ikipoteza programu yake, iweze kuletewa nakala kwa njia ya waya kutoka IMP nyingine iliyo karibu, kama vile mama anavyokwenda kuomba moto kwa jirani. Hivyo fundi hakulazimika kusafiri na utepe kila mara.

Siku zile za mwanzo, mtu hakuweza kuingia ARPANET ila kwa kupitia kompyuta kubwa ya chuo au ofisi. Mwaka 1971 ukaja mtambo mpya, TIP. Huu uliweza kuunganishwa na vyombo 63 vya kuandikia moja kwa moja, na mtu aliye mbali aliweza kuupigia kwa simu ya kawaida. Jambo hili lilikuwa jema sana kwa wale wasio na kompyuta kubwa. Lakini TIP haikumwuliza mtu jina. Ukiijua namba yake ya simu, umeingia. Kazi ya kuuliza neno la kuingilia iliachiwa kompyuta kubwa zilizokuwa ndani ya mtandao, nazo zilikuwa zimezoea kulindwa na kuta na kufuli za chumba.

Desemba 1973, Bob Metcalfe, mmoja wa wale waliobuni Ethernet, aliandika waraka namba 602 katika mfululizo wa nyaraka za mafundi wa mtandao. Alilalamika kwamba namba za simu za TIP zimetapakaa kama maandishi ya ukutani katika vibanda vya simu, na kwamba maneno ya kuingilia ni mepesi kubahatisha. Alieleza pia kwamba katika kompyuta moja, neno la mkubwa wa mtambo lilikuwa limepatikana na wanafunzi wawili wa sekondari wa Los Angeles. Watu wengi wakisikia kisa hiki huwalaumu vijana. Mimi nawatazama zaidi wakubwa waliojenga nyumba bila bawabu, wakadhani kila apitaye njiani ni mtu wa mji wao.

Dawa ilichelewa. Desemba 1984, waraka namba 927 ulieleza utaratibu ulioitwa TACACS, ambao BBN waliutia katika mitambo iliyorithi kazi ya TIP. Sasa mlango uliuliza jina na neno, kisha ukapeleka swali kwa kompyuta nyingine yenye orodha. Hilo ndilo wazo kubwa la historia yetu: bawabu hashiki daftari. Bawabu anamwuliza karani aliye ofisini, naye karani ndiye anayejibu.

Wazo hilo lilikomaa Michigan. Huko Merit, shirika la mtandao la vyuo vikuu vya jimbo lile, lilikuwa na mitambo ya kupokelea simu katika miji mingi. Fikiri mwenyewe taabu ya kuandika jina la kila mwanafunzi katika kila mtambo, na kulifuta kila mahali siku anapoondoka. Mwaka 1991 Merit waliomba watu walete mashauri, na kampuni ya Livingston ya California ikaleta utaratibu uitwao RADIUS, utumike pamoja na mtambo wao wa PortMaster.

Sikiliza sasa jinsi fundi alivyoutengeneza. Katika mtambo wa mlangoni aliandika anwani ya seva ya RADIUS, yaani yule karani, na siri ya pamoja ambayo hao wawili tu wanaijua. Katika seva aliandika daftari mbili. Ya kwanza, iliyoitwa clients, ilitaja kila mlango na siri yake; ya pili, iliyoitwa users, ilitaja kila mtu, neno lake, na ruhusa zake. Mtu akipiga hodi kwa simu, mlango humtumia karani jina lake na neno lake, neno likiwa limefumbwa kwa ile siri. Karani hujibu moja katika matatu: karibu, au hapana, au mwulize swali jingine kwanza. Mtu akiingia huandikwa saa ya kuingia, na akitoka huandikwa saa ya kutoka, ndipo hesabu ya malipo ikapatikana.

Na hapa ndipo mafundi wengi walipotoka jasho. Siri ikikosewa herufi moja tu upande mmoja, neno la mtu likifumbuliwa hutoka upuuzi, na jibu la karani likirudi mlango hulitupa kwa kuwa hauutambui muhuri wake. Waya ni wazima, taa zinawaka, na hakuna hata mtu mmoja anayeingia.

Livingston waliitoa programu ya seva bure pamoja na maandishi yake ya ndani, nayo ikaenea upesi. Kampuni yenyewe ilinunuliwa na Lucent mwaka 1997. Mwaka 1999 watu wengine wakaanza FreeRADIUS, inayotumika hata leo. Simu za kuingilia mtandao zimekwisha karibu kila mahali, lakini karani hakustaafu. Mpango wa eduroam, uliobuniwa Ulaya mwaka 2002, unamtumia yeye. Mwanafunzi wa chuo cha Kenya kilichomo katika mpango huo kupitia KENET akifika chuo cha Uholanzi, mlango wa kule hupeleka swali mpaka kwa karani wa chuo chake nyumbani, na jibu hurudi.

Muhuri wa karani ulitegemea hesabu iitwayo MD5, iliyotangazwa mwaka 1992. Mwaka 2004 wataalamu wa China, akiwamo Bibi Xiaoyun Wang, walionyesha kwamba hesabu hiyo yaweza kughushiwa. Hata hivyo RADIUS iliendelea nayo miaka 20 tena, mpaka Julai 2024 watafiti walipoonyesha kwamba mtu aliyekaa katikati ya njia aweza kuligeuza jibu la hapana likawa karibu. Tangu hapo mafundi wamehimizwa kudai muhuri wa pili wenye nguvu katika kila swali na kila jibu, na kuipitisha njia yote ndani ya fumbo la kisasa.

Vikundi vya kusikiliza, swali lenu la juma hili ni hili: katika ofisi au shule ya kwenu, nani anaijua ile siri ya pamoja, na ilibadilishwa lini?