Vikao vya Kompyuta Kuu

Mwaka 1974 kampuni ya IBM ya Marekani ilipotangaza usanifu wa mitandao uitwao SNA, ilikusudia kuondoa adha iliyowasumbua wenye kompyuta kuu, ambao takriban kila aina ya kituo cha mbali iliwadai taratibu zake pekee za mawasiliano.

Katika usanifu huo, mtumiaji wa kituo hakuweza kusema na programu aitakayo pasipo kufunguliwa kikao. Na mwenye kukifungulia njia alikuwa msimamizi wa mtandao, naye ni programu ndani ya kompyuta kuu, ambayo, mithili ya mshenga, ilipokea ombi la karani aliyeketi mbele ya kioo, ikahakikisha kwamba anayeposwa yupo na yu tayari, kisha ikamfikishia habari. Hapo ndipo programu iliyotakiwa ilipopeleka amri ya BIND, iliyobeba masharti yote: ukubwa wa ujumbe, zamu ya kusema, na kiasi kinachoruhusiwa kupelekwa kabla ya kungoja idhini, ili kituo dhaifu kisigharikishwe. Kikikubali, kikao kimesimama. Kikikataa, hurudisha jawabu lenye sababu yake.

Urasmi huo, kwa maoni yangu, ulikuwa mzito lakini si wa bure, maana mhudumu wa mtandao alijua wakati wowote nani yu kikaoni na nani. Awali mamlaka yote yalikuwa ya kompyuta kuu moja. Baadaye wasimamizi wa maeneo mbalimbali wakawezeshwa kushauriana, na hatimaye, kwa itifaki ya LU 6.2, programu mbili zikazungumza kama watu wa daraja moja.