Vidonge Viwili, Figo Moja

Mwaka 1919, katika wodi moja ya Vienna, mwanafunzi wa udaktari Alfred Vogl alikuwa akimtibu msichana mwenye kaswende ya kuzaliwa nayo. Alimpa Novasurol, sindano yenye zebaki. Wauguzi waliokuwa wakipima mkojo wa msichana huyo na kuuandika kwenye chati wakaona jambo: kila akichomwa sindano, mkojo uliongezeka ghafla. Vogl akaijaribu kwa wagonjwa waliovimba, maji yakatoka kwa lita nyingi.

Ndivyo zebaki, sumu kali, ilivyotumika kupunguza maji mwilini kwa miongo kadhaa. Kidonge salama zaidi, klorothiazidi, kilifika sokoni mwaka 1958 kutoka maabara ya Merck nchini Marekani. Furosemidi ikafuata miaka ya 1960.

Dawa za maumivu zilikuwa na safari yake. Bayer ilianza kuuza aspirini mwaka 1899. Ibuprofeni iliingia Uingereza mwaka 1969 kwa cheti cha daktari, na kuanzia 1983 mtu aliweza kuinunua bila cheti.

Ni John Vane aliyeonyesha, mwaka 1971, kwamba aspirini na jamaa zake huzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Kemikali hizo huchochea maumivu, lakini pia huiweka wazi mishipa inayopeleka damu kwenye figo, hasa maji yanapopungua mwilini. Na kupunguza maji ndiyo kazi ya furosemidi! Prostaglandini zikizuiwa, figo hukosa damu ya kutosha, chumvi hubaki, miguu huvimba tena na presha hupanda.

Hatari huzidi mgonjwa akiwa pia anatumia dawa za presha kama enalapril au losartan. Merlyn Thomas alionya kuhusu mchanganyiko huo wa dawa tatu, ya kupunguza maji, ya presha na ya maumivu, katika jarida la madaktari la Australia mwaka 2000. Mwaka 2013, uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 487,000 nchini Uingereza ulikuta waliotumia zote tatu wakiumia figo kwa asilimia 31 zaidi ya waliotumia mbili tu, bila ile ya maumivu. Katika siku 30 za mwanzo, asilimia 82.

Mzee mwenye goti linalomuuma huingia duka la dawa na kuomba diklofenaki, jamaa mwingine wa aspirini. Vidonge vyake vya presha viko nyumbani, muuzaji havioni. Swali moja tu, “Mzee, unatumia dawa gani nyingine?”, lingetosha kumpatia parasetamoli, ambayo kwa kipimo sahihi ndiyo madaktari huipendelea kwa mgonjwa kama yeye. Aspirini ndogo aliyoandikiwa kwa ajili ya moyo asiiache kabla ya kumuuliza daktari wake.