Safari ya Angani na Safari ya Kilindini

Mwaka 1960 ulileta hatua mbili kubwa katika historia ya uvumbuzi. Tarehe 23 Januari, Jacques Piccard na Don Walsh, wakiwa ndani ya chombo kilichoitwa Trieste, walishuka katika Bahari ya Pasifiki hadi sakafu ya sehemu yenye kina kikubwa kuliko zote duniani, karibu mita 11,000 chini ya uso wa maji. Oktoba ya mwaka huohuo, Marekani na Uingereza zilikubaliana kujenga Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya angani. Hatua ya pili ilifuatiwa na nyingine haraka, hata kufikia 1972 watu 12 walikuwa wamekwisha kukanyaga mwezi. Ile ya kwanza ilikaa miaka 52 bila mtu mwingine kurudi pale chini. Sababu za tofauti hii zinaonekana vizuri sana katika pwani yetu wenyewe, kwa kuwa safari zote mbili zilipita hapa.

Tuanze na ile ya kilindini. Desemba 1938, meli ya uvuvi ilirejea katika mji wa East London, Afrika Kusini, ikiwa na samaki mkubwa wa rangi ya samawati, mwenye mapezi manene kama viungo vifupi vya mnyama. Marjorie Courtenay-Latimer, aliyesimamia makumbusho ya mji huo, alimhifadhi, na mtaalamu wa samaki J.L.B. Smith akamtambua kuwa ni silikanti, wa jamii iliyodhaniwa kuwa imetoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Hata hivyo, viungo vyake vya ndani vilikuwa vimekwisha kutupwa, na Smith hakuwa na meli ya kumtafutia mwingine. Akachapisha karatasi zenye picha ya samaki huyo kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, akiahidi zawadi ya pauni 100, na karatasi hizo zikasambazwa bandari kwa bandari.

Mwaka 1952 Smith na mkewe walifika Unguja, na huko wakakutana na nahodha Mwingereza, Eric Hunt, aliyekuwa akifanya biashara kati ya pwani hii na Komoro. Hunt alizichukua karatasi, akazipeleka visiwani. Desemba mwaka huo mvuvi wa Anjouan, Ahamadi Abdallah, alimvua silikanti kwa mshipi. Samaki alipofikishwa sokoni, alitambuliwa kutokana na ile picha, akabebwa kuvuka milima hadi bandarini alipokuwa Hunt. Hunt hakuwa na dawa ya kutosha ya kumhifadhi, kwa hiyo alimpaka chumvi, kisha akapeleka simu ya maandishi Afrika Kusini. Smith alimwomba Waziri Mkuu D.F. Malan ndege ya kijeshi, akaipata, akaruka kumfuata.

Jambo la kuzingatia hapa ni nani aliyefanya ugunduzi. Wavuvi wa Komoro walimjua samaki huyo tangu zamani kwa jina la gombessa. Waliokuwa hawamjui ni wanasayansi. Nao hawakushuka kumwona katika makazi yake hadi 1987, pale Mjerumani Hans Fricke alipozama kwa chombo kidogo karibu na Ngazija. Hata kwetu Tanzania, silikanti walitokeza kwa njia ileile: kuanzia 2003 wavuvi wa Kilwa, kisha wa Tanga, walianza kuwakuta katika nyavu za papa, na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ikatangazwa 2009.

Safari ya angani ilikuja kwa namna nyingine kabisa. Muungano wa Kisovyeti uliporusha Sputnik mwaka 1957, Marekani iliona imeachwa nyuma, na mwaka uliofuata ikaunda shirika la NASA. Mpango wake wa kwanza wa kumpeleka mtu kuizunguka dunia ulikabiliwa na tatizo moja. Mawimbi ya redio yaliyotumika husafiri kwa mstari ulionyooka, nayo dunia ni mviringo, kwa hiyo kituo kimoja kingeweza kuzungumza na rubani kwa dakika chache tu kabla hajazama nyuma ya upeo. Ilibidi kujenga mnyororo wa vituo: Bermuda, Kano nchini Nigeria, kisha Unguja, na mbele zaidi Australia. Ndivyo Tunguu, kijiji cha mashamba, kilivyopata mitambo ya kupokea habari kutoka angani. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, Unguja ilikuwa mojawapo ya vituo vilivyomfuatilia.

Lakini kituo kilichozaliwa na ushindani wa mataifa makubwa hakikuweza kukwepa siasa. Kulikuwa na Wazanzibari walioamini kuwa pale Tunguu palifichwa makombora, na hofu hiyo ilieleweka, maana makubaliano yalitiwa saini na mkoloni bila wao kuulizwa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Abeid Karume ilitaka kituo kiondoke, nacho kikafungwa mwaka huohuo.

Wakati Tunguu inafungwa, kaskazini yake kulikuwa kunafunguliwa kazi nyingine. Mwitalia Luigi Broglio alitafuta mahali karibu na ikweta, kwa sababu huko mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa ziada inapoelekezwa mashariki. Akachagua ghuba ya Ngwana, kaskazini mwa Malindi. Mojawapo ya majukwaa aliyoyasimamisha baharini humo, Santa Rita, lilikuwa limetengenezwa kwa ajili ya kuchimba mafuta chini ya bahari. Likageuzwa kuwa la kuongozea urushaji wa roketi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka ghuba hiyo setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengwa kwa uchunguzi wa miale ya eksirei kutoka angani. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Roketi ya mwisho ya kupeleka setilaiti iliondoka hapo 1988.

Kwa nini basi anga ilitangulia? Wapo wanaosema ni ugumu wa bahari yenyewe. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu, mwanga hufifia upesi, na maji huzima mawimbi ya redio. Setilaiti moja hupiga picha za bara zima, ilhali sakafu ya bahari hupimwa kwa mwangwi wa sauti, meli ikitembea taratibu. Wengine husema ni siasa: anayerusha roketi huonekana na dunia nzima, na roketi ileile huweza kubeba bomu. Naona hoja ya pili ndiyo inayoeleza mwanzo, kwa kuwa Trieste ilikwisha kuthibitisha kuwa kushuka kunawezekana kabla mtu yeyote hajafika angani. Hoja ya kwanza inaeleza kwa nini pengo lilizidi kupanuka baadaye. Kwa vyovyote, palikosekana taifa kubwa lililoogopa kushindwa mbio za kilindini.

Hali ilibadilika pale kilindi kilipoonekana kuwa na mali. Meli ya Uingereza, Challenger, ilikuwa imekwisha kuopoa vinundu vyeusi kutoka sakafu ya bahari katika miaka ya 1870, vingi vikiwa na ukubwa wa viazi mviringo. Baada ya karibu miaka mia moja, ndipo makampuni yalipovipigia hesabu: vina manganizi, shaba, kobalti na nikeli, navyo hupatikana katika kina cha mita 4,000 hadi 6,000. Nchi zinazoendelea ziliuliza vitakuwa vya nani, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 ukajibu kuwa sakafu iliyo nje ya mipaka ya nchi ni urithi wa pamoja wa wanadamu. Tume ya kuandaa Mamlaka ya kuisimamia ilianza kazi 1983, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Joseph Sinde Warioba.

Hapa ndipo habari inapowafikia watu wa Mabawe, katika wilaya ya Ngara nchini Tanzania, walio karibu kilomita 1,000 kutoka pwani. Katika miaka ya 1970, utafiti uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa ulikuta nikeli Kabanga, katika wilaya hiyohiyo. Mkataba wa 1982 uliweka kikomo cha uzalishaji kutoka baharini, kikipimwa kwa matumizi ya nikeli duniani, ili wachimbaji wa nchi kavu wasiangushwe na bei. Nchi tajiri zilikataa kujiunga kwa masharti hayo, na makubaliano ya 1994 yakakifuta kikomo hicho. Kwa maoni yangu hilo lilistahili kujadiliwa Ngara kuliko lilivyojadiliwa.

Januari 2021, baada ya Kabanga kupita mikononi mwa kampuni kadhaa, serikali ilitia saini mkataba mpya ulioipa hisa za asilimia 16 katika kampuni ya Tembo Nickel. Juni ya mwaka huohuo, Nauru, kisiwa kidogo cha Pasifiki, iliiarifu Mamlaka ya sakafu ya bahari kwamba inakusudia kuidhamini kampuni ichimbe vinundu, ikaipa miaka miwili kukamilisha kanuni. Miaka hiyo iliisha Julai 2023 kanuni zikiwa bado zinabishaniwa huko Kingston, Jamaika, katika kikao ambacho Tanzania, kama mwanachama, ina kiti chake.