Ukinzani wa Kubingirika

Kiatu chenye magurudumu kina majina mengi mitaani, na hakuna hata moja lililotulia. Wako wanaosema sketi, na muuza nguo wa Darajani atakuuliza unataka fupi au ndefu. Wako wanaosema viatu vya matairi, jina ambalo Bara linakumbusha katambuga, yale makubazi yanayokatwa kwenye tairi kuukuu la gari. Viatu vya magurudumu ndilo jina linaloeleweka upesi, nami nitalitumia hapa, japo halisemi kama magurudumu yamekaa mawili mbele na mawili nyuma au yamefuatana kwenye mstari mmoja. Kwa safari ndefu tunazungumzia hayo yaliyofuatana.

Jina la kiatu si tatizo kubwa. Tatizo ni kitenzi. Mtu aliyevaa viatu hivyo anafanya nini? Tumezoea kusema anateleza, na mchezo wenyewe tunauita mchezo wa kuteleza. Neno hili limeingia kwa mlango wa barafu. Kwenye kiwanja cha barafu cha hoteli ya Panari, Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 2005, mchezaji anateleza kweli: bamba la chuma linapita juu ya barafu bila chochote kuzunguka. Viatu vya magurudumu navyo vilizaliwa kama barafu ya watu wasio na barafu. Miaka ya 1760, John Joseph Merlin, fundi mzaliwa wa Huy katika Ubelgiji ya leo, alivivaa London, na inasimuliwa kwamba aliingia navyo kwenye karamu huku akipiga fidla, akashindwa kusimama, akavunja kioo kikubwa cha thamani. Mwaka 1819 mvumbuzi aitwaye Petitbled alipata hataza Ufaransa kwa kiatu chenye magurudumu yaliyofuatana. Mwaka 1863 James Plimpton wa Marekani akayapanga mawili mawili, na mpango wake ukatawala kwa zaidi ya karne. Kilichourudisha mstari mmoja ni barafu tena: karibu na mwaka 1980 ndugu wawili wa Minneapolis, Scott na Brennan Olson, walitaka wachezaji wa hoki waendelee na mazoezi wakati wa kiangazi. Asili hiyo ndiyo iliyolifanya neno la barafu liambatane na gurudumu, na sisi tukalipokea kama lilivyo.

Kwa mtu anayejaribu viatu kwa ajili ya masafa marefu, neno hilo linapotosha. Gurudumu linalofanya kazi yake vizuri halitelezi hata kidogo. Ile sehemu yake inayogusa lami, kwa dakika ile inapoigusa, imetulia. Inashika, kisha inainuka na kuipisha sehemu inayofuata. Huko ndiko kubingirika. Wengine watasema kuviringika au kufingirika, na yote ni Kiswahili. Na mtu hupata mwendo kwa kuusukuma mguu upande, gurudumu likiwa limeng'ang'ania lami. Likikosa pa kushika, mguu unakwenda na mtu anabaki palepale, au anakwenda chini. Hayo hutokea wakati wa masika, lami ikiwa imelowa na gurudumu la poliyurethani likapoteza mshiko. Hapo ndipo mtu wa magurudumu anapoteleza, na hakuna anayempigia makofi.

Sasa tuje kwenye istilahi yenyewe. Wahandisi wana neno la kile kinachomla nguvu mtu huyu hata barabara ikiwa tambarare na hewa imetulia. Kwa Kiingereza ni "rolling resistance". Tafsiri inayokuja upesi mdomoni ni msuguano wa kubingirika, kwa kuwa msuguano tumeuzoea tangu shuleni. Nadhani tafsiri hiyo ni mbaya, na ubaya wake si wa sarufi.

Msuguano unatokana na kusugua: vitu viwili vinapita kimoja juu ya kingine vikikwaruzana. Katika kubingirika, hilo si jambo kubwa. Gurudumu la kiatu ni mpira mgumu wa poliyurethani, na linapobeba uzito wa mtu hubonyea kidogo pale linapogusa lami. Likisogea, sehemu iliyobonyea inarudi katika umbo lake na sehemu nyingine inabonyea. Kila mbonyeo unachukua nguvu, na mpira unaporudi haurudishi nguvu yote. Sehemu yake inageuka joto ndani ya gurudumu. Wahandisi wanauita upotevu huo histeresisi. Hakuna kilichosuguliwa hapo. Ni mpira umekopa, na haulipi deni lote.

Msuguano, kwa upande mwingine, ndio rafiki wa mtu huyu, kwa sababu bila huo hana pa kusukumia. Tukiuita msuguano ule unaomsaidia na vilevile ule unaomrudisha nyuma, tutakuwa tumempa adui na rafiki jina moja. Ndiyo maana napendelea ukinzani wa kubingirika. Ukinzani tunao katika umeme na tunao katika ukinzani wa hewa. Maana yake ni kupinga mwendo, bila kudai kwamba mapingamizi hayo yametokana na kusugua. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja tangu uamuzi wa mkutano wa Mombasa mwaka 1928, kwa hiyo si vibaya mtu wa Unguja akichagua sana katika jambo kama hili.

Ukubwa wa jambo lenyewe unaonekana kwa hesabu. Tuseme mtu na viatu vyake wana kilo 70, na mgawo wa ukinzani wa kubingirika ni 0.01, tarakimu niliyoichagua kwa wepesi wa hesabu. Nguvu inayomvuta nyuma ni karibu nyutoni 7, sawa na uzito wa gramu 700 hivi. Inaonekana haina maana. Lakini kwenye maratoni ya kilomita 42.195 nguvu hiyo inakula kama kilojuli 290. Mgawo ukipanda hadi 0.012, kwa sababu ya magurudumu yaliyochakaa au lami yenye kokoto, zinaongezeka kama kilojuli 58 nyingine. Mwili wa binadamu hugeuza takriban robo tu ya chakula kuwa mwendo, kwa hiyo zidisha mara nne ujue mfuko wa vyakula utabeba nini. Katika Berlin, mbio za magurudumu hufanyika Jumamosi kwenye njia ileile ambayo wakimbiaji wa miguu wataipita Jumapili. Mwaka 2022 Eliud Kipchoge aliimaliza kwa 2:01:09. Washindi wanaume wa magurudumu kwa kawaida huimaliza kwa takriban saa moja. Kwa kasi hiyo hewa ndiyo mpinzani mkubwa kuliko lami, ndiyo maana wanakwenda kwa mstari, mmoja akimkinga mwenzake. Mtu wa kawaida anayekwenda taratibu kwa saa nyingi anaulipa ukinzani wa kubingirika sehemu kubwa zaidi ya nguvu zake.

Tuseme basi kijana wa Mtoni, Unguja, ameletewa pea ya viatu na kampuni inayofikiria kumdhamini. Avijaribu, aseme anavionaje. Barabara anayo: ile inayotoka Mjini ikapita Maruhubi, Mtoni na Kibweni kuelekea Bububu, njia ya daladala 502. Mwanzoni mwa karne ya 20 upande huuhuu ulikuwa na reli ya maili 7 kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, na treni ile ilikuwa na faida ambayo kiatu hakiwezi kuipata: chuma juu ya chuma hubonyea kidogo mno, kwa hiyo ukinzani wake ni sehemu ndogo tu ya ule wa mpira juu ya lami. Kijana wetu ana mpira na lami, tena lami yenye mchanga pembezoni, matuta, na dereva wa daladala anayeamini njia ni yake. Alfajiri baada ya sala, kabla magari hayajajaa, ndio wakati pekee wa kupima chochote. Kofia ngumu si suala la kujadili.

Kosa la kwanza analoweza kulifanya ni kuvaa, kwenda hadi Bububu na kurudi, kisha kusema viatu vinakwenda. Havikwenda viatu. Kile tunachokiita kiatu ni vitu vinne vilivyofungwa pamoja: kiatu chenyewe, fremu, magurudumu na beringi. Kampuni ikileta pea yenye magurudumu makubwa mapya na yeye amezoea ya zamani yaliyolika upande mmoja, atauona wepesi na kusifu ngozi na kamba, ilhali wepesi wote umetoka chini. Gurudumu la milimita 80 lina mzingo wa kama milimita 251. Kwenye maratoni litazunguka karibu mara 168,000. La milimita 125 lina mzingo wa milimita 393, litazunguka kama mara 107,000. Zaidi ya hapo, gurudumu kubwa linapanda kokoto kwa mwinuko mdogo kuliko dogo, jambo ambalo barabara zetu hulithamini sana. Lina gharama yake: mtu anasimama juu zaidi, na kifundo cha mguu kinafanya kazi ya ziada ambayo haionekani hadi baada ya saa ya pili.

Kwa hiyo aazime busara ya fundi baiskeli, anayebadilisha kitu kimoja tu halafu akasikiliza. Avue magurudumu mapya, ayafunge kwenye fremu ya zamani kama yanaingia. Achague kipande tambarare cha lami, aweke alama kwa chaki, aipite kwa mwendo uleule wa polepole, kisha aache kusukuma na kusubiri asimame mwenyewe. Umbali aliokwenda ndio jibu. Mwendo uwe mdogo kwa makusudi, kwa sababu kwa kasi hewa inaingilia hesabu. Arudie kwa upande wa pili. Barabara ya Bububu inaelekea kaskazini, na msimu wa kusi upepo utamsukuma akienda na kumzuia akirudi. Anayepima upande mmoja tu atawaletea wadhamini sifa za upepo. Saa ya siku nayo ina neno lake, kwa kuwa poliyurethani hulainika kwa joto na lami ya saa 8 mchana si lami ya alfajiri.

Ugumu wa gurudumu umeandikwa ubavuni, kwa mfano 85A, kwa kipimo kilichobeba jina la Albert Shore wa Marekani. Namba ikipanda, mpira ni mgumu. Vijana hudhani gumu ndilo la kasi, na kwenye sakafu laini wako sahihi. Kwenye lami yenye kokoto gumu hutetemesha mguu, na mtetemo huo ni nguvu iliyopotea kwenye misuli badala ya kupotea kwenye mpira. Kipimo cha chaki hakitauonyesha, nyayo zitauonyesha.

Katika vinavyomrudisha mtu nyuma, beringi ndipo mahali pekee ambapo neno msuguano linastahili. Ndani yake gololi zinapita kwenye mfereji wa chuma, na grisi au mafuta yapo kwa ajili ya kupunguza kusuguana huko. Saizi inayotumika karibu kila mahali inaitwa 608: tundu la milimita 8, kipenyo cha nje milimita 22, unene milimita 7. Ni ileile inayokaa kwenye mota ndogo nyingi, kwa hiyo fundi wa mjini anaweza kuwa nayo dukani bila kujua kwamba kuna watu wanaipanda. Watengenezaji huandika ABEC na namba, 1 hadi 9, na huifanya ionekane kama cheo. Namba hiyo inasema vipimo vya beringi ni sahihi kiasi gani. Haisemi lolote kuhusu uwezo wake wa kustahimili kusukumwa ubavuni, na kusukuma ubavuni ndiyo kazi ya kila hatua ya mchezo huu. Wala haisemi chochote kuhusu chumvi. Mtoni iko pwani. Beringi ya chuma cha kawaida iliyoachwa usiku bila kufutwa huanza kutu, na kutu itafuta tofauti yote kati ya ABEC 5 na ABEC 9 kabla ya mwezi mwandamo. Mwenye kujaribu kwa haki aipime pea hiyo siku ya kwanza, aipime tena baada ya kuikalisha na hewa ya bahari.

Na huyu anayeitwa mdhamini? Kwa Kiswahili neno hilo limetoka kwenye dhamana: mdhamini wa mahakamani husimama na mali yake kwa ajili ya mwingine, na bodi ya wadhamini hulinda mali isiyo yake. Anayeleta viatu vijaribiwe hajadhamini kitu bado. Kwa kipindi hicho mambo yamegeuka, maana kijana wa Mtoni akisema neno zuri, ni jina lake ndilo lililowekwa rehani kwa wenzake watakaonunua. Kwa hiyo maelezo atakayoyatuma yatenganishe vitu. Kiatu: kinabana wapi baada ya miguu kuvimba kwa joto. Fremu: inanyooka au inavuta upande. Ukinzani wa kubingirika: mita ngapi kwa magurudumu yao, mita ngapi kwa yake, upande huu na upande ule, upepo gani. Beringi: kabla ya chumvi na baada yake. Mshiko kwenye lami iliyolowa uandikwe peke yake, na hapo, mahali hapo tu, neno kuteleza linaruhusiwa kuingia kwenye ripoti.