Safu ya Lugha: Sensa si Idadi

“Sensa ya Tanzania imefika milioni 61.” Haijafika popote, jamani! Kilichofika 61,741,120 ni idadi ya watu. Sensa ni ile kazi ya kuhesabu, iliyofanyika Agosti 2022. Neno tumelipata kwa Kiingereza, nacho kikalitoa Kilatini: Warumi wa kale waliandikisha raia na mali zao, kwa ajili ya kodi na jeshi. Idadi ni ya Kiarabu. Takwimu ni pana zaidi, hata za mvua na bei ya mahindi zimo.

Linaloniudhi zaidi ni ongezeko. Sensa ya Kenya ya 2009 ilikuta watu milioni 38.6, ya 2019, milioni 47.6. Katikati hapo kasi ya ongezeko ilishuka kutoka asilimia 2.9 hadi 2.2 kwa mwaka, basi mtu akisikia “imeshuka” anadhani Wakenya wamepungua. Wameongezeka milioni tisa! Wanaopungua ni Wajapani, ambao vifo vyao vimezidi vizazi kwa miaka mingi. Ndugu watangazaji, kilichoshuka kikiwa ni kasi, semeni kasi.